Nta Ndani ya Mlango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Koleta alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alijaza maji kwenye chupa, akampa mdogo wake Jilala kidonge chake cha kuongeza damu, kisha akasimama mbele yake mpaka amalize kikombe kizima. Jilala alikuwa na miaka saba na alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Asipokunywa maji ya kutosha, au akipigwa na baridi, mifupa ilimuuma hadi akajikunja kitandani. Koleta alikuwa darasa la sita. Alizijua siku hizo na aliziogopa.

Kila mwezi Jilala alipelekwa kliniki Kitete, mjini Tabora, kwa gari la mjomba wao, Ngassa. Kutoka kijijini kwao, ndani ndani huko Kaliua, hadi kuifikia lami ni mwendo wa saa nzima wa mashimo na makorongo. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Milango iligonga, sakafu ilinguruma, na mtetemo wote ulimwingia mtoto mifupani. Alipanda akicheka, akashuka akilia.

Mjomba alichoka kusikia kilio kile. Akanunua mjini vipande vya mpira mzito, vyenye lami ya kunata upande mmoja, na Jumamosi akamwita Koleta amsaidie. Walitoa viti, wakafungua kava za ndani za milango, wakafuta vumbi na mafuta kwa petroli. Vipande vilianikwa juani kidogo tu ili vilainike, kisha vikabandikwa kwenye bati na kukandamizwa kwa chupa, kama mtu anayesukuma chapati. Mjomba alimfundisha kulijaribu bati kwa kuligonga na kidole. Kabla ya mpira lililia kama sufuria tupu. Baada ya mpira lilitoa mlio mfupi, mzito, likanyamaza.

Mchana mjomba aliitwa msibani. Ulibaki mlango mmoja, wa nyuma kushoto, ule ambao Jilala huuegemea. Vilibaki pia vipande viwili vya mpira. Alimwachia Koleta kazi hiyo kwa moyo mweupe, akaondoka.

Koleta hakuwa mvivu. Tatizo lake ni kwamba wenzake wakianza kucheza rede, masikio yake hayasikii kitu kingine. Alianika vipande, akajiambia atacheza mara moja tu. Aliporudi, jua lilikuwa limeshafanya yake. Vipande vilikuwa vimeyeyuka na kushikana, na kuku walikuwa wamepita juu wakaacha mchanga na manyoya. Alijaribu kuvitenganisha vikachanika. Alivifukia nyuma ya choo, kisha akaikumbuka ndoo ya mama yake.

Mama yake, Levina, alikuwa mfugaji wa nyuki. Ndani ya ndoo ile mlikuwa na masega yaliyokwisha kukamuliwa asali, yakisubiri kuyeyushwa yawe nta. Koleta aliyaponda, akayakandika kwenye bati la mlango, akarudisha kava na skrubu zake zote. Akagonga kwa kidole. Mlio ulikuwa mfupi na mzito. Alijisifu kimoyomoyo, nami nakiri kwamba kwa ubunifu alistahili. Kwa busara, hapana. Mtoto wa mfugaji wa nyuki anajua vizuri kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki wauhamie.

Safari ya kliniki iliyofuata, Jilala aliuegemea mlango ule akalala usingizi hadi lami. Waliporudi, mama alisimulia habari hiyo huku akifuta machozi kwa pindo la kanga. Mjomba alimsifu Koleta mbele ya majirani, akamwita fundi wa familia. Koleta aliona aibu.

Baadaye mjomba alisafiri kwa treni kwenda Mpanda, akaliacha gari uani kwa kina Koleta. Asubuhi moja, akichota maji ya Jilala, Koleta aliona nyuki watatu wakiingia kwenye tundu dogo chini ya mlango ule. Siku ya tatu alitega sikio kwenye bati, akasikia mvumo. Kundi zima lilikuwa limehamia. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika aliahirisha tena, kwa sababu mama alikuwa na furaha na yeye hakutaka kuwa wa kuiharibu.

Ijumaa mjomba alirudi. Jumamosi asubuhi Jilala aliamka akilia kwa maumivu ya kifua na miguu, macho yamekuwa ya manjano. Mama alimfunga kwenye blanketi, akatoka naye mbio. Mjomba alinyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango wa nyuma kushoto.

"Mjomba, usifungue," Koleta alisema. "Kuna nyuki ndani ya mlango. Mimi ndiye niliyewaita."

Alieleza yote: rede, kuku, ndoo. Gari jingine halikuwapo pale kijijini, na pikipiki kwenye makorongo yale ingemtesa mtoto zaidi. Mama alimlaza Jilala mkekani, akawasha bomba lake la moshi la kutulizia nyuki. Kwa bahati kundi jipya halina ukali mwingi. Mama alivukiza, mjomba akafungua skrubu polepole, wakawahamisha nyuki kwenye mzinga mtupu na kukwangua nta yote. Kazi hiyo iliwachukua zaidi ya saa moja.

Muda wote huo Koleta alikaa mkekani akimnywesha mdogo wake maji. "Mayu," Jilala aliita kwa Kinyamwezi, akimtaka mama, na mama hakuweza kuja. Koleta alitamani maumivu yale yawe yake.

Walipoondoka, mlango ulikuwa mtupu na bati lilianza kulia tena. Koleta alikaa kati ya Jilala na mlango, akaukandamiza kwa mgongo wake hadi lami, kila shimo likimgonga yeye.

Hospitalini Jilala alitundikiwa dripu na kupewa dawa. Siku ya tatu aliketi na kuomba uji. Siku hiyo mjomba alileta vipande viwili vipya vya mpira, akamkabidhi Koleta bila maneno mengi. Koleta alisimama karibu navyo juani nje ya wodi, hakuondoa macho mpaka vikalainika na kubandikwa mlangoni. Ndipo mama yake alipomjia.

"Mama, nichape tu," Koleta alisema.

"Sikuchapi. Kuharibu mpira ni jambo la mtoto. Ungeniambia siku ile ningegomba kidogo, tukala, tukalala. Nashukuru ulisema kabla mlango haujafunguliwa, lakini ulichelewa kusema, na saa ile moja hukuilipa wewe. Aliilipa Jilala. Ukificha kosa lako, mwanangu, unamtwisha mtu mwingine, na mara nyingi ni yule unayempenda. Sasa nenda ukamwambie mwenyewe. Kwa maumivu yale hakusikia kitu, bado hajui kwa nini tulichelewa."

Koleta aliingia wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamsimulia yote bila kuruka kitu. Jilala alisikiliza hadi mwisho. Kisha alisogea ukutani, akampa dada yake nafasi ya kulala kando yake.