Dakika Nne za Mzee Chaki

Mtungi uliojaa oksijeni ulikuwa umesimama langoni. Mtu aliyeuhitaji alikuwa sebuleni, hatua kumi na mbili kutoka hapo, amekufa.

Inspekta aliuzunguka ule mtungi mara mbili kabla ya kuingia. Ubavuni ulikuwa na namba ya rangi nyeupe, 218, na kifuniko chake hakijafunguliwa. Jirani mmoja tu ndiye aliyeona ulivyofika. Alisema mwanamume wa makamo aliushusha kwenye gari dogo, akasikia kilio ndani, akasimama kama mtu aliyesahau njia, kisha akageuka akaenda zake bila kubisha hodi.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Chaki, na mapafu yake yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba hakuweza kukaa saa moja bila mpira wa oksijeni puani. Daktari wa polisi alipiga magoti, akapima, akainuka. Hakuna jeraha. Hakuna dalili ya sumu. Mtungi wa ndani ulikuwa umekwisha, mshale wa kipimo uko kwenye sifuri, na mzee alikata roho kati ya saa saba na nusu na saa nane na nusu mchana.

"Kifo cha kawaida, basi," alisema daktari.

Inspekta aliinama karibu. Alikuwa akitazama shati la marehemu. Lilikuwa safi, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ule mtungi mtupu ulikuwa umesogezwa pembeni, na mahali pake pamefagiliwa.

"Koplo," aliita. "Mtu anayekosa hewa hufagia?"

Koplo alikuwa mama mwenye wajukuu wawili, na miaka yake kazini ilizidi ya Inspekta kwa sita. "Hufagia akijua mgeni yuko njiani, afande. Huyu mzee alikuwa anamngoja mtu. Na hakuwa na wasiwasi kwamba hatakuja."

Simu ilikuwa bado mkononi mwa marehemu. Mara ya mwisho alipiga saa saba na dakika kumi, kwa kampuni iliyomletea mitungi. Mazungumzo yalichukua dakika nne na sekunde mbili.

Binti yake alikuwa jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndiye aliyemkuta, saa tisa na nusu, aliporudi kutoka kwenye usaili wa kazi. Baba yake mdogo alikwisha kufika na alikuwa amesema maneno ambayo mtu hayasahau: kwamba aliyeachiwa mgonjwa akaenda kutafuta kazi ajiulize mwenyewe. Binti alimpa mgongo. Alimgeukia Inspekta.

"Simu yangu ilikuwa mapajani, imewashwa. Kwenye usaili wote nilikuwa naichungulia. Kwa nini hakunipigia mimi, afande?"

"Sijui, mwanangu."

"Alizungumza dakika nne. Na nani? Alisema nini? Nikilijua hilo tu, mengine nitayabeba."

Inspekta alimwahidi atalijua. Nje, Koplo alimkumbusha kwamba polisi hulipwa kwa kuchunguza, si kwa kuahidi.

*

Kampuni ile ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya ghala lake. Meneja aliwapokea kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuzungumza na wakili. Alisema wanasikitika. Alisema pia kwamba simu ya mzee haikufika, na ushahidi anao. Akatoa orodha ya simu zilizoingia siku ile, iliyochapwa vizuri kwenye karatasi tatu.

Inspekta aliisoma kwa kidole. Saa tano, simu kumi na moja. Saa sita, simu tisa. Kuanzia saa saba mpaka saa tisa, hapana hata moja.

"Wagonjwa wenu hupumzika saa saba?"

"Inatokea," alisema Meneja.

"Siku iliyotangulia ziliingia simu ngapi saa hizo?"

Meneja alitafuta. Saba. Siku ya kabla yake, nane. Tabasamu likapungua.

Chumba cha simu kilikuwa na meza tano zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na simu nyeusi na kitufe chekundu. Kwenye meza ya kwanza alikaa mama mnene mwenye miwani, na wenzake walimwita Mama Meza Moja, kwa kuwa hajawahi kukaa kwingine. Ndiye aliyewaeleza mpango. Simu ikiingia hulia kwake. Ikilia mara nne bila kupokelewa, inahamia meza ya pili, na kuendelea hivyo mpaka ya tano. Meza zote zikishindwa, inashuka ghalani. Na ghalani hupokea, kwa sababu kengele ya kule inaweza kumwamsha aliyezikwa.

"Na hiki kitufe?"

"Ukitoka mezani unakibonyeza, simu inakuruka. Wakati wa chakula tunatoka kwa zamu. Hawabonyezi wote."

"Siku ile nani alibonyeza?"

Mama Meza Moja alivua miwani. "Wote. Tuliitwa mkutanoni saa saba. Tukatoka saa tisa."

"Mkutano wa nini?"

Alimtazama Meneja kwanza. "Mafunzo, afande. Namna ya kumsikiliza mteja."

Koplo alikohoa, kikohozi kisicho na ugonjwa. Meneja akatazama viatu vyake. Kwa muda wa saa mbili walifundishwa kusikiliza, ndani ya chumba kilichofungwa mlango, na nje ya mlango huo mtu alikuwa anaishiwa pumzi.

Lakini bado kulikuwa na ghala. Mtunza ghala aliapa kwamba kengele yake haikulia saa ile. Alikuwa pale, anakula, hana pa kwenda. Inspekta akaomba kitabu cha mitungi. Akapata mtungi 218: umetoka saa tisa na robo. Mbele yake kulikuwa na sahihi ndogo, iliyoinama.

"Nani huyu?"

"Fundi. Fundi wa simu. Nilishangaa, maana yeye na mitungi wapi na wapi. Alikuja mbio, hana hata muda wa kufuta jasho. Akasema ni dharura."

Kwa hiyo kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kwamba Mzee Chaki anahitaji hewa, wakati kampuni nzima ilisema haijui. Na orodha ya simu, Meneja alithibitisha, inaweza kuguswa na watu wawili tu: yeye mwenyewe na Fundi.

*

Fundi alikuwa na chumba kidogo mwisho wa ukumbi. Mwanamume mwembamba, nywele zimeanza kuingia mvi, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Alijibu kwa adabu. Ndiyo, mpango wa simu aliuweka yeye. Ndiyo, huenda kulikuwa na hitilafu kwenye njia ya ghalani. Alipoulizwa kuhusu mtungi 218 alianza kupanga kalamu zake mezani.

"Ulijuaje kwamba mzee anauhitaji?"

Fundi akaendelea kuzipanga.

"Sawa," alisema Inspekta. "Tusiulizane. Tuiulize simu."

Wakarudi chumba cha simu, akawaomba wahudumu wote watano wabonyeze vitufe vyao, kama siku ile. Taa tano nyekundu zikawaka. Akachukua simu ya Mzee Chaki kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akapiga.

Meza zikanyamaza. Walingojea kengele ya ghalani. Haikulia.

Kilicholia kilikuwa ndani ya chumba cha Fundi, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayelia chini ya blanketi. Koplo aliifuata mpaka kwenye droo ya chini. Akavuta. Ndani kulikuwa na sweta ya kike ya kijani, imekunjwa kwa uangalifu, na chini ya sweta simu nyeusi kama zile tano.

Ikalia mara nne. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu ya marehemu, mkononi mwa Inspekta, tulivu na yenye joto:

"Umefika. Nipo nawe. Niambie jina lako na shida yako, kisha tulia. Nimekusikia, na msaada unakuja."

Mama Meza Moja alikaa chini palepale, bila kiti. "Kinanda," alisema. "Jamani, Kinanda."

Hapo ndipo Inspekta alipoambiwa. Kinanda alikuwa mwenzao wa meza ya tano, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya sauti yake. Wateja walikuwa wakipiga hata wasipokuwa na shida. Alikuwa mke wa Fundi. Aliugua wiki tatu tu, na sasa ilikuwa miezi saba tangu azikwe.

Inspekta alifunga mlango. Wakabaki watatu: yeye, Koplo na Fundi.

"Nilimwagiza," Meneja alisikika nje akisema, kwa yeyote wa kumsikiliza. "Nilimwagiza aifute namba ya marehemu mkewe."

"Aliniagiza," alisema Fundi. "Nikamwambia nimefuta."

"Kwa nini hukufuta?"

"Nyumbani nina picha zake. Picha hazisemi, afande. Sauti yake imebaki humo tu, maneno hayo kumi na matano. Jioni kabla ya kutoka huwa napiga mara moja. Ananiambia nitulie. Natulia, naenda nyumbani."

"Hilo si kosa. Kwa nini uliiweka kwenye njia ya wagonjwa?"

Fundi aliitazama sweta. Alieleza taratibu, kama anayemfundisha mwanafunzi. Mfumo una kanuni yake. Namba ambayo haijapokea simu ya mteja kwa siku thelathini hujifuta, na sauti iliyomo hufutika nayo. Kujipigia mwenyewe hakuhesabiwi. Angeiweka baada ya ghala, hakuna simu ambayo ingeifikia, kwa sababu ghala hupokea daima. Kwa hiyo aliiweka kabla ya ghala. Mteja mmoja mmoja angeangukia huko, angeacha ujumbe, taa ingewaka mezani kwake, naye angeukimbiza ghalani mwenyewe.

"Na ikawa hivyo?"

"Miezi saba. Wateja kumi na sita. Hakuna aliyekosa mtungi. Wengine walipelekewa upesi kuliko kawaida, maana nilikuwa naogopa."

"Na wa kumi na saba?"

"Meneja aliniita mkutanoni niwashe projekta. Ikagoma. Kila nikitaka kutoka inazima tena. Nilisema moyoni, saa hizi watu wanakula, nani atapiga. Nilipotoka taa ilikuwa inawaka. Nikasikiliza: wengine waliuliza bei tu, yeye alikuwa anaishiwa hewa. Nikachukua mtungi, nikaendesha kama mwendawazimu. Nilipofika langoni nikasikia kilio."

"Ukarudi ukafuta orodha."

"Nikafuta orodha."

"Ujumbe wa mzee je?"

"Upo."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Ungeufuta ujumbe, nisingekuwa na kesi. Unajua hivyo?"

"Najua. Ujumbe na sauti ya mke wangu vimo kwenye kisanduku kimoja. Kufuta kimoja ni kufuta vyote." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mara mbili niliweka kidole juu ya kitufe, afande. Nimemuua mzee wa watu kwa sababu sikuweza kumzika mke wangu mara ya pili. Andika hivyo. Usinipambie."

Inspekta akaandika. Kusababisha kifo kwa uzembe. Kuharibu ushahidi. Maneno makavu, na kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya mengine.

*

Binti aliletwa kituoni kesho yake asubuhi. Baba yake mdogo alikuja pia, akaketi nyuma, kofia mapajani. Inspekta alimwonya binti kwamba si rahisi kuyasikia, na si lazima. Alisema ni lazima.

Kwanza ikaja ile sauti ya mwanamke, ikiahidi. Kisha pumzi. Kisha Mzee Chaki, akiyatenga maneno kama anayasomesha.

Alitaja jina, akataja mtaa, akataja rangi ya lango. Akasema mtungi umekwisha mapema. Kisha:

"Ningempigia binti yangu, mama. Lakini leo ana usaili. Simu ikilia katikati watamwona hana adabu. Amesoma kwa shida yule. Basi nimewapigia nyinyi." Pumzi ndefu. "Asante kwa kunisikia. Nitasogeza huu mtupu, wasipate taabu. Nitavaa shati." Kimya kirefu, mluzi wa kifua. "Una sauti nzuri. Uko bado? Usikate basi. Umesema nitulie, natulia."

Hakusema tena neno. Pumzi ziliendelea mpaka mwisho wa dakika nne, halafu mashine ikakata.

Binti hakulia pale. Nyuma yake baba mdogo aliinama, akaufunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Ndiye aliyelia.

Kwenye ujia walikutana na Fundi, amefungwa pingu, anapelekwa mahakamani. Koplo alitaka kumvusha haraka. Binti, aliyekwisha kuelezwa yote, akasimama mbele ya Fundi.

"Yule aliyemwambia baba atulie ni mkeo?"

"Ni mke wangu."

Binti hakumtukana, wala hakumsamehe. "Baba alitulia," alisema. "Alimwamini." Akapita.

Fundi alibaki anatazama sakafu. Kisha akamgeukia Inspekta, na swali lake lilikuwa moja.

"Afande, kile kisanduku. Mtakifuta?"

"Ni kielelezo. Kielelezo hakifutwi mpaka kesi iishe."

"Na ikiisha?"

Inspekta alimtazama Koplo, na Koplo alikuwa ameinama juu ya bahasha ya rekodi ile, anaandika lebo kwa herufi zake kubwa za polepole. Sheria ilitaka namba na maelezo mafupi ya kitu. Aliandika: Kielelezo cha kwanza. Akafikiri kidogo. Halafu akaongeza: sauti mbili.