Alinichagulia Shule Ili Nisione

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tisa, sina mume, sina mtoto, na ninasoma mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi tu. Wananiita "Mama wa Classe". Wanacheka. Mimi sicheki... Kila wakiniita hivyo damu inanichemka, kwa sababu masomo haya ya kupima macho ningekuwa nimeyamaliza zamani!

Nani alinifanyia hivi? Mtasema ni vita. Hapana. Vita ilitufanyia mengine. Hili nilifanyiwa na mtu niliyemwita baba.

Naitwa Mapendo. Kwetu ni Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale. Tulikuwa wakulima wa maharagi na mihogo. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na masasi ya bunduki yalipoanza kulia juu ya kilima chetu, mama na mimi tulikimbilia kambi ya Lushebere, tukalala chini ya bashi nyeupe, maturubai ya msaada, kama maelfu ya wenzetu. Mama alilima mashamba ya watu ili nisome. Nikapata diplôme d'État yangu ya kumaliza sekondari, section ya biochimie. Siku ile mama alicheza mbele ya kibanda chetu mpaka majirani wakadhani amepagawa!

Baada ya hapo nikapata kazi ya kufagia katika hospitali moja ya kwetu, ambayo jina lake sitalitaja. Nilifagia service, yaani kitengo, ya macho. Ilikuwa chumba kimoja tu, na ukutani karatasi ya herufi kubwa na ndogo. Pale alitawala Papa Anselme, infirmier, muuguzi aliyefundishwa mambo ya macho tangu zamani, mjane asiye na mtoto, mzee wa kanisa. Kila mtu alimpenda. Hata mimi nilimpenda... Ninaona aibu kuandika neno hilo!

Hakuniacha nifagie tu. Alinipa tochi.

"Mutoto yangu, angalia mu jicho ya huyu mama," alikuwa anasema. "Niambie, unaona nini?"

"Papa, katikati iko nyeupe."

"Muzuri! Hiyo njo mutoto wa jicho. Wamupeleke kupasuliwa."

Ikawa hivyo kila siku. Mimi naangalia, yeye anauliza, mimi najibu, yeye anatoa dawa. Wagonjwa walikuwa wakishangaa: huyu mzee ana moyo gani wa kufundisha mtoto wa wakimbizi hivi? Nami nilijisemea kwamba Mungu amenirudishia baba. Wengine wanaficha ujuzi wao, huyu ananimwagia wote!

Nikaanza kutamani kusoma kazi ile kabisa. Nilisikia habari za shule moja ya Bukavu. Ilikuwa na kliniki yake ndani, na wanafunzi walishika macho ya wagonjwa tangu mwaka wa kwanza. Waliingiza watu kwa mtihani. Barabara ilipofunguliwa kidogo nikashuka Goma, walikoufanyishia, kufanya mtihani ule. Wakati wa kurudi, watu wenye bunduki walitusimamisha, wakachukua simu zetu zote. Lakini sikuogopa, kwani kwenye fomu ya mtihani nilikuwa nimeacha namba ya Papa Anselme. Nani mwingine ningemwamini?

Kila asubuhi nilimuuliza, "Papa, hawajapiga?"

"Bado, mutoto yangu. Tuombe."

Hata asubuhi moja akanikalisha kwenye benchi, akashika kichwa changu kwa mikono miwili. "Wamepiga," akasema. "Wamesema hapana. Nafasi zimejaa."

Nililia kifuani kwake! Nililowesha blouse yake nyeupe ya kazi. Naye akanibembeleza, akaomba sala ndefu kwamba Mungu anifungulie mlango mwingine... Wasomaji, sikieni vizuri: aliomba sala!

Na mlango akaufungua yeye mwenyewe. Kulikuwa na institut, chuo kimoja kilichotoka Goma kufungua tawi katika salle, ukumbi wa kanisa hapo Masisi. Walifundisha siku ya Jumamosi tu. Nilisitasita. Niliuliza mashine ziko wapi. Mkurugenzi akanijibu kwamba ziko njiani, ila barabara ni mbaya. Papa Anselme akanivuta pembeni.

"Hii iko karibu," akasema. "Samedi unasoma, siku ingine uko na miye, unafanya kwa mikono. Na iko na muhuri ya Serikali. Bukavu ungeenda kuteseka bure. Nani angeangalia mama yako?"

Aligusa mahali pangu palaini. Mama! Kweli, nani angemwangalia mama? Nikakubali.

Miaka mitatu nilisoma kwenye fotokopi. Mashine ya kupima presha ya macho tulionyeshwa picha yake, tena picha imekuwa nyeusi kiasi kwamba tulidhani ni sufuria. Tulipofika kwenye ukurasa wa ugonjwa wa presha ya macho, mwalimu aliuruka. Alisema tutausoma mashine zikifika. Nasi hatukubisha, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa kweli. Huko kwetu barabara inafunika uongo wa kila mtu!

Katika miaka hiyo mama alianza kugonga watu. Akienda kuteka maji anakanyaga bidoni za wenzake, na wanawake wanamtukana. Shambani jembe lake linaingia mstari wa mwingine. Nilidhani ni uchovu. Siku moja akaniambia, "Mapendo, niko naona sawa mutu anaangalia ndani ya mwanzi. Mbele naona, pembeni hapana."

Nikampeleka kwa Papa Anselme siku ileile. Akakaa mbele ya mama, akanipa tochi kama kawaida.

"Niambie, unaona nini?"

"Papa, sioni kitu. Hakuna weupe. Jicho iko safi."

Akamgeukia mama. Akamuuliza taratibu kama mbele anaona vizuri na pembeni kunakuwa kama ukuta. Mama akaitika, "Njo vile, Papa! Ulijuaje?" Yule mzee akaichukua tochi mkononi mwangu, akaizima. Nilidhani anafikiria dawa.

"Ni uzee," akasema mwishoni. "Uzee na moshi ya kambi. Mupatie matone ya kusafisha."

Nikampa matone. Mama, ambaye hakuwa na kitu, akamletea kuku wa shukrani. Alipokea kuku yule! Na kila nilipomwambia kwamba mwanzi wa mama unazidi kuwa mwembamba, alinijibu niongeze matone, nisiwe na haraka.

Asubuhi moja ya masika mama aliniuliza kwa nini sijafungua mlango. Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa linampiga usoni.

Siwezi kueleza nilivyopiga kelele... Watu wa kambi walikuja wakidhani tumevamiwa.

Wiki chache baadaye hospitali ikapata wageni, kikundi cha madaktari wa macho waliokuja kupasua watu. Kati yao alikuwa Madame Clarisse, mwalimu wa ile shule ya Bukavu. Nikamshika mama mkono, nikampeleka mbele. Madame akamwekea matone, akagusisha kamashine kadogo kwenye jicho, upande mmoja na mwingine. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni presha ya macho," akasema. "Imekwisha kuua mishipa. Hairudi tena. Juu ya nini mulichelewa? Matone ya kila siku yangemulindia macho!"

Nikasema tulikuja mapema. Nikasema alipewa matone ya kusafisha. Akaniangalia, akauliza jina langu.

"Mapendo, wa Kalembe."

Akaweka mashine chini. "Mapendo wa Kalembe? Weye njo ulikataa nafasi yetu?"

"Madame, sikukataa. Mulisema zimejaa."

"Nani alisema? Nilipiga simu miye mwenyewe. Ulikuwa kati ya wa kwanza! Baba yako akajibu umeolewa, uko mbali Buleusa, hautakuja tena."

"Baba yangu alikufa zamani, Madame..."

Papa Anselme alikuwa ameketi kwenye benchi ya ukuta wa mbele. Alisikia yote. Akasimama ili atoke, na katikati ya chumba kulikuwa na kiti cheupe cha mgonjwa, mchana kweupe, jua limejaa madirishani... Alikigonga. Akaanguka nacho.

Watu wakakimbia kumwinua. Madame Clarisse hakukimbia. Alimtazama jinsi anavyopapasa sakafu kwa viganja, kisha akamketisha palepale na kumpima. Akamuuliza kwa sauti ndogo ni tangu lini naye ana presha ya macho.

"Tangu zamani, mbele huyu mutoto hajakuja," akajibu.

Mnaelewa, wasomaji? "Niambie, unaona nini!" Sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa tochi yake! Alikuwa haoni, na alinikalisha pale nimwonee, ili asifukuzwe kazi!

Nilimfuata barazani. Nilipiga kelele mpaka wauguzi wakatoka kwenye service zote. Nilimuuliza kwa nini alinifungia njia ya Bukavu.

"Ungeenda, wangenijua," akasema. Machozi yalimtoka. "Wangenifukuza. Miye niko na nani, Mapendo?"

"Na hii shule ya samedi?"

"Niliwauliza mbele haujaanza, kama wako na ile mashine ya presha. Wakasema hapana."

Kwa hiyo ndiyo sababu aliichagua! Si ukaribu. Si mama yangu. Alitafuta shule ambayo haitanifundisha ugonjwa wake!

"Na mama? Siku ile alisema mwanzi, ulijua?"

Alijifuta machozi kwa mkono wa blouse. Kisha akasema, "Nilijua."

"Juu ya nini haukusema? Papa, juu ya nini!"

"Ungejua ile ugonjwa kwa mama yako, ungeiona kwangu."

Sikumpiga. Mpaka leo sijui nani alinishika mkono. Nilimchukua mama, tukateremka mpaka Lushebere.

Bado hayajaisha. Hospitali ilimwondoa mzee, ikatafuta mtu wa kushika service ile, nikapeleka diploma yangu. Daktari mkuu akaisoma, akanirudishia kwa upole. Akasema institut ile haijulikani na wizara yoyote. Nilikwenda kwenye salle ya kanisa, nikakuta viti vimepangwa tena kwa ibada. Simu ya mkurugenzi haikuita. Miaka yangu mitatu ikawa karatasi ya kuwashia moto, na kweli niliiwashia moto. Nilipikia maharagi!

Madame Clarisse ndiye aliyeniambia nijaribu mtihani tena. Binti wa mama mdogo akakubali kulala na mama. Nikavuka ziwa, nikafanya, nikapita. Ndiyo maana leo nimekaa na watoto.

Wiki ya kwanza ya kliniki walinipa kupima presha ya jicho la mzee mmoja. Nilidhani ni kazi ya saa nzima. Lo! Ilikwisha kabla mtu hajamaliza kusema Baba Yetu. Hiyo tu? Hiyo tu ndiyo mama yangu alikosa? Nilimwomba mwalimu ruhusa, nikatoka uani, nikauma kitambaa changu ili wagonjwa wasinisikie.

Kule kwetu watu wa kanisa wananiandama nisamehe. Wanasema mzee alikuwa na hofu, wanasema naye sasa anashikwa mkono kwenda ibada. Anakaa mbele, anasalimiwa kwa mikono miwili. Mama yangu anakaa nyuma, na wengine wanampita kama kiti. Mama amemsamehe. "Naye iko mu giza sawa miye," anasema. Sawa, hiyo ni haki ya mama. Lakini mama hakuchagua giza lake, wala hakuliweka juu ya mwingine! Mimi bado. Sitaki kuwadanganya, mimi bado kabisa.

Ninyi mnaotafuta shule, hasa ninyi wa vijiji vyetu ambao mtu mkubwa mmoja ndiye anayejua mambo yote, nawasihi! Nendeni wenyewe, hata kama ni kwa miguu. Sukumeni mlango wa chumba cha mashine, mkiambiwa ziko njiani, rudini nyumbani. Waulizeni wanafunzi wiki hii wameshika nini kwa mikono yao. Ulizeni wizarani kama shule inajulikana. Shuleni acheni namba zaidi ya moja, na msichoke kupiga wenyewe. Na yule anayewaambia "kaa hapa karibu nami", awe baba, awe mchungaji, awe aliyewaombea mkilia, muulizeni kwanza yeye atapata nini mkibaki. Akikasirika, mmekwisha kujua jibu.

Jana mama alinipigia kwa simu ya jirani. Tuliongea vizuri. Mwishoni akasema Papa Anselme alipita kibandani, ananisalimia, anauliza kama naweza kumtafutia matone huko Bukavu.

Nilimwambia mama matone yake yeye nimeyatuma kwa watu wa boti, ayatumie macho yasimwume. Ya yule mzee sikujibu. Nilikata simu, nikarudi darasani kwa watoto wenzangu.