Mikono ya Fundi Simu

Walikutana kituo cha mabasi, watu wakisukumana na mizigo yao. Dada ndiye aliyekuwa akitangaza safari kwenye kipaza sauti, na siku hiyo simu yake ilizimika. Kwenye kibanda cha fundi simu alimkuta kijana wa shati la bluu akipachika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, mkono umetulia tuli.

"Fundi, vidole hivyo navitaka."

"Vidole tu, dada? Na mwenyewe tumtupe wapi?"

Dada akacheka mpaka miwani ikamteleza. Mikono yake ilikosa nguvu tangu ajali ya gari. Alishindana kulenga shabaha na walemavu wenzake: bunduki aliilaza juu ya egemeo lenye springi, akalenga na kufyatua mwenyewe, lakini kutia risasi hakuweza. Kanuni zilimruhusu msaidizi, mradi asitamke neno. Fundi, aliyempa jina la Kamanda, akawa huyo msaidizi: uwanjani bubu, kwenye simu hanyamazi.

"Kamanda wangu, umekula?"

"Nimekula. Nimebakiza nafasi yako."

Wakaenda mashindano ya dunia, timu nzima ya nchi yao ikienea kwenye teksi moja. Wakati bunduki zinakaguliwa, Kamanda alimwambia mkaguzi kwa majivuno, "Bila mikono ya huyu, mimi si kitu." Fundi alikuwa nyuma yake. Jioni hiyo Kocha wa timu akaja na habari: Fundi ameomba kesho asikae ubavuni mwake, Kocha ndiye atakayemtilia risasi.

Kamanda akampigia simu huku machozi yakimlengalenga.

"Umenichoka?"

"Sijakuchoka, mpenzi. Ukimaliza kupiga nitakueleza."

"Basi kaa na maelezo yako!" Akakata.

Asubuhi akafungwa jaketi nzito ya kulengea, roho imemwelemea. Vidole vya Kocha vilikuwa vizito, na risasi za mwanzo zikapotea pembeni. Alitamani kugeuka. Hakugeuka. Akavuta pumzi, akajikaza, akapiga hadi ya mwisho. Akashika nafasi ya tano.

Fundi alikuwa akimngoja kwenye korido, macho mekundu.

"Ungekuwepo, labda ningepata medali," Kamanda akasema.

"Najua. Nisamehe. Kuna swali la ndoa nimetembea nalo miezi mingi. Niliposikia bila mikono yangu wewe si kitu, nikaogopa. Ungenikubali kwa kuwa unanihitaji. Nilitaka kwanza uone unaweza bila mimi."

"Na kwa nini hukuniuliza mimi? Umeniamulia, Fundi, kama watu wote wanavyoniamulia. Hilo limeniuma kuliko medali."

Fundi akainamisha kichwa.

Hasira ya Kamanda ilikuwepo bado, lakini alimpenda, na hilo nalo lilikuwepo.

"Vidole hata Kocha anavyo," akasema. "Leo kutwa nimemkosa mwenyewe. Haya, uliza."

Fundi akapiga goti, akauliza. Naye, aliyezoea kutangazia kituo kizima, akajibu kwa sauti ya kusikiwa na mtu mmoja tu.