Mkono Ulioachwa Pichani

Tomoe alikuwa amekwisha kuufuta ule mkono hadi kwenye kiganja ndipo alipokumbuka kwamba nyuma ya Chihaya hakukuwa na mtu.

Akaiinua kalamu kutoka kwenye kibao cha kuchorea cha kompyuta. Kwenye skrini Chihaya alikuwa amepiga magoti ndani ya kimono nyepesi ya pamba, kamba za katani zimemzunguka kifua na mabega kwa mapambo mazuri ajabu, na nyuma ya bega lake mkono wa mtu umeikamata kamba kuu ili asije akaangukia uso. Kufuta mikono ya namna hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Tomoe. Lakini Iwao, fundi aliyemfunga Chihaya siku ile, wakati picha inapigwa alikuwa amesimama kando ya Tomoe ameshika taa, tena kwa mikono yote miwili.

Akarudisha alichokifuta. Mkono ukajitokeza upya, kidole gumba kimepinda kwa nje, ukucha umepasuka katikati. Chumba kikanuka mafuta ya farasi, yale ya kulainishia kamba.

"Katsuhei," alisema Tomoe, na badala ya kukimbia akatabasamu. Ubaya wote ulianzia kwenye tabasamu lile.

Katsuhei alikuwa mumewe, fundi wa kufunga watu kwa kamba, ufundi ambao baadhi ya majirani wa Yanaka waliuona sanaa na wengine wakiupita huku wanakohoa. Yeye alifunga, Tomoe akapiga picha, kisha Tomoe akakaa kwenye kompyuta kuzisafisha: kulainisha mwanga, kuondoa nyuzi zilizochomoza, kuondoa mkono wa fundi. Na kila mara mzee alimwegemezea kidevu begani na kusema lile lile: "Nifute, mke wangu. Watu wanakuja kuona kamba. Nani ana haja na babu mwenye gumba bovu?"

Naye akamfuta. Alimfuta miaka yote ya ndoa yao. Alipokufa ghafla majira ya maua ya micheri, ilitafutwa picha ya kuweka mbele ya jeneza, haikupatikana hata moja. Ikabidi ikuzwe ile ya leseni ya gari, amekunja uso kama aliyemeza dawa chungu.

Mwezi wa saba ikaja sikukuu ya wafu kurudi makwao, kama kila mwaka. Tomoe aliwasha langoni moto wa kuwapokea, wa mabua makavu ya katani, mmea ule ule unaotoa kamba, akamtengenezea mumewe farasi wa tango lenye miguu ya vijiti ili aje mbio. Siku ya mwisho huwashwa moto wa kuwaaga, na mgeni hutengenezewa ng'ombe wa biringani wa kumrudisha polepole. Tomoe biringani alilikaanga akalila. Mabua yaliyobaki akayafungia kabatini.

"Mbona lango lako halina moshi?" aliuliza jirani yake, Bi Fusae.

"Magoti yananiuma."

"Kwani kiberiti unawashia magoti?"

Tomoe akafunga mlango.

Tangu hapo kila picha mpya ilikuja na ule mkono, na kila mara ulizidi kidogo: kifundo, kisha shati la buluu alilovaa kazini, kisha kiwiko. Tomoe hakuufuta. Usiku alilala akiuwaza, mchana akabuni sababu za kupiga picha nyingine. Maonyesho yalikuwa yanakaribia, alisema, na picha hazijatosha. Ukweli ni kwamba alikuwa akiungoja uso.

Aliyelipia hamu hiyo alikuwa Chihaya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa shamisen, ile ala ya nyuzi tatu.

"Dada Tomoe, hebu tazama." Alishusha kola. "Zamani alama za kamba zilipotea kabla sijamaliza bakuli la tambi. Hizi ni za juzi. Na hii ya mkononi je? Iwao hakunifunga hapa."

"Ni joto tu hilo. Ngozi imechoka."

"Joto gani? Mimi nahisi baridi. Jana vidole vilishindwa kubana nyuzi, wanafunzi wakadhani nawatania. Dada, vidole hivi ndivyo vinanilisha."

"Imebaki picha moja."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo."

Iwao naye, aliyefundishwa kamba na Katsuhei, alimvuta Tomoe pembeni, akanong'ona. "Mama, njoo uone fundo hili. Mimi ncha huipitishia kulia. Mwalimu alinigombeza mpaka akachoka. Tazama hii imepitia wapi."

Ilikuwa imepitia kushoto.

"Labda ulijisahau."

"Mama." Iwao aliligusa fundo. "Anayepitishia kushoto nilimjua mmoja tu. Tuliiokota mifupa yake majivuni kwa vijiti, mimi na wewe."

"Basi usiogope. Si Mwalimu wako?"

"Ndiyo maana naogopa. Angekuwa ametulia, angekuja kufanya nini?"

Tomoe aliwabembeleza wote wawili, akaapa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Walimhurumia kwa ujane wake, wakakubali.

Alasiri ile jua lilikuwa kali, na nyenze walikuwa wakipiga kelele kwenye miti ya makaburini nyuma ya nyumba. Iwao alimfunga Chihaya kilegevu kuliko siku zote, akarudi nyuma. Nyenze wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Kisha ikasikika sauti waliyoijua wote watatu, kamba ikivutwa taratibu juu ya mikeka, shwaa, shwaa, na hapakuwa na kamba chini, na harufu ya mafuta ya farasi ikajaa chumbani mpaka ikawaingia kooni, na ile mizunguko iliyolegea ikaanza kujikaza mmoja baada ya mwingine, kutoka kiunoni ikipanda mabegani, na Chihaya akafungua kinywa asipate pumzi ya kupigia kelele, na Iwao akamrukia na mkasi ambao mafundi wa kamba hawauachi mbali, akikata huku inakaza kule, akiita Mama, Mama, iache hiyo kamera uje unisaidie, na Tomoe, aliyekwisha kuona kupitia kamera kivuli kikiinama juu ya bega la Chihaya, akatuliza mikono, akabonyeza.

Kamba ikakatika. Chihaya akalala mkekani akihema. Iwao alimpa chai, kikombe kikamponyoka. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeupe.

"Sivihisi," alinong'ona. "Iwao, sivihisi vidole vyangu."

Iwao akamwinua wakimbilie hospitali. Mlangoni akageuka. "Mtu anakabwa, wewe unapiga picha," alisema, na hakumwita Mama.

Tomoe aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Hata hivyo miguu ilimpeleka kwenye kompyuta.

Nyuma ya Chihaya picha ilikuwa giza tupu. Tomoe alianza kuking'arisha kivuli kidogo kidogo, kama alivyozoea. Likaja bega. Ikaja shingo. Kisha ukaja uso wa mumewe, na Tomoe akajiziba mdomo kwa mkono.

Katsuhei hakuwa amemshika Chihaya. Kamba kuu ilitoka mgongoni kwa Chihaya ikaenda kumzunguka yeye mikono, kifua na shingo, imezama ndani ya nyama. Mkono ule uliodhaniwa kukamata kamba ulikuwa umefungwa pale. Kila alipovuta ili ajinasue, alimkaba mwenzake. Aliyekata njia yake ya kurudi alikuwa mkewe, kwa mabua yaliyofungiwa kabatini. Macho yake yalimtazama Tomoe moja kwa moja, yamejaa machozi, na midomo ilikuwa imesimama katikati ya neno alilomwambia maisha yao yote.

Nifute.

"Siwezi," alisema Tomoe.

Shwaa, ikajibu nyuma ya kiti.

"Katsuhei, sina picha yako. Nikikufuta hapa, nitabaki na nini?"

Kitu cha baridi kikamgusa begani, pale pale Katsuhei alipozoea kuegemeza kidevu. Kilikuwa kinatetemeka. Tomoe hakuthubutu kugeuka. Akaishika kalamu.

Alianza na kamba, akaenda kwenye shati, kiwiko, kifundo, akafuta gumba lile bovu huku akilia kwa sauti kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, kamasi zinamtiririka, na kila alipofuta alisikia kitu kikilegea nyuma yake na pumzi ya mtu ikishuka. Uso aliuacha mwisho. Aliutazama mpaka akaukariri, kisha akaufuta. Akafuta na ile picha ya ndani ya kamera. Harufu ya mafuta ikaondoka, na nje nyenze wakaanza tena.

Magharibi Bi Fusae alimkuta amechutama langoni mbele ya mabua yanayowaka, kamba zote za mumewe zikiungua juu ya moto. Kando alisimama ng'ombe wa biringani kwa miguu ya vijiti, ameelekea barabarani.

"Wenzio waliwaaga wafu wao mwezi uliopita," alisema Bi Fusae.

"Nimechelewa."

"Na magoti?"

"Bado yanauma."

Bi Fusae akachutama pembeni yake, asitanie tena. Moto ulipokaribia kuzimika Iwao akapiga simu. "Chihaya ameshika kikombe. Anasema vidole vinamchoma kama sindano, na daktari anasema ni dalili njema." Akakata bila kuaga.

Asubuhi Tomoe aliamka na alama kwenye kifundo cha mkono. Vidole vinne upande mmoja, na upande wa pili gumba lililopinda kwa nje. Alikimbilia kamera, akaiwasha, akaielekeza. Kisha akaiweka chini.

Alikaa dirishani, mkono juu ya paja, akiitazama alama ile. Ilianza kufifia kwenye kidole cha mwisho. Gumba ndilo lililochelewa kuondoka.