Waya ya Phonie kwa Muguu ya Kahindo

Bandugu, munisikilize, mais musinihurumie. Ni mimi Esdras, mutu wa phonie, ile redio ya kuitana mbali. Wakati wa vita, barabara ya Beni ikifungwa, batu wa Butembo bote balikuwa banapitia kwangu juu ya kuongea na ndugu zao ba mbali. Kila asubuhi dada yangu mudogo, Kahindo, alikuwa ananiletea chai, mimi ninaita: "Beni, Beni, Butembo inaita!" Yeye anacheka. Kwa nyumba yetu tulikuwa na amani.

Kisha Kahindo akaanza kusikia sauti za batu benye hatuone. Akaacha kulala, akaacha kuoga. Nikaona haya mbele ya kanisa. Batu wa maombi bakasema: "Ni pepo. Asikule siku saba." Basi nikamufunga muguu kwa kitanda cha chumba ya maombi ya kanisa, na waya ya antena yangu mwenyewe. Mimi, mutu muzima!

Siku ya ine masasi ya bunduki ikalia. Tukakimbilia mashambani wote. Phonie niliibeba kwa mugongo. Kahindo, hapana.

Tulirudi kisha siku mbili. Alikuwa angali muzima, mais waya ilikuwa imekula muguu mpaka mufupa. Kwa hospitali, infirmière, muuguzi, Marie-Jeanne aliniangalia, nikaangalia chini, nikamuelezea zile sauti na maombi.

— Papa Esdras, ubongo iko na sehemu nyingi, zinaitana sawa vile posti zako za phonie. Kwa hii ugonjwa, schizophrénie, kuitana kunavurugika. Mutu anaweza kusikia mawazo yake sawa sauti ya mutu mwingine.

— Donc hapana pepo?

— Phonie yako ikivurugika, unaifunga kamba, unainyima chakula? Si unatafuta fundi!

Muguu ikakatwa. Dawa ilituliza zile sauti, haikuzimaliza. Siku moja, tukikunywa chai, Kahindo akaniuliza polepole:

— Yaya, kaka yangu, nilikuita siku mbili. Beni unaisikiaka. Mangina, kule mbali, unaisikiaka. Mimi, hapana?

 

MAFUNZO

Mugonjwa wa akili ni mugonjwa, sawa vile mwenye malaria. Tumuombee, ndiyo, mais tumupeleke kwa muganga wa hospitali mbio, na mikono yetu isishike kamba. Bandugu, haya mbele ya majirani ni kidogo, inapita. Yangu haipite: kila asubuhi ninasikia fimbo ya Kahindo inagonga chini, ananiletea chai.