Shemeji Anatoka Gerezani

Fundi cherehani alikuwa akishona pindo za sketi za shule. Mumewe, mwoka mikate, alirudi kutoka kazini, nyusi zake nyeupe kwa unga. Sebuleni alimkuta mgeni. Alikuwa afisa wa ustawi wa gereza la mji.

"Shemeji yako anatoka baada ya wiki tatu," afisa alisema. "Ameomba kufikia hapa, kwa dada yake."

Mwoka mikate hakukaa. Aliinua mkono wake wa kushoto. Haunyooki mpaka leo. Mwaka juzi walibishana, shemeji akamsukuma kwenye ngazi, mfupa ukavunjika.

"Akiingia yeye, mimi natoka."

Mkewe aliinamia cherehani. Huyu mume, yule kaka wa tumbo moja. Aseme nini?

"Baba, una haki ya kukataa," afisa alisema. "Hakuna wa kukulazimisha. Ila msikie kwanza. Amesoma ufundi bomba, amepata cheti. Na kila Jumatano, kwa miezi kumi, amehudhuria darasa la kuzuia hasira."

"Wanafundishwa nini huko? Kucheka?"

"Wanafundishwa kuijua hasira ikiwa bado changa. Wengine masikio huwaka. Yeye mikono humtetemeka. Akiona hivyo, anaaga, anatoka, anatembea. Halafu anarudi kuzungumza. Asiporudi, ugomvi ameuahirisha tu."

Mke aliinua kichwa. "Tunaweza kumwona kabla hajatoka?"

"Ndiyo. Ofisini kwetu, na mimi nikiwepo."

Siku ya kuonana, wanaume wawili walikaa meza moja. Kaka alianza.

"Shemeji, nilikuvunja mkono. Hata kama ungenikosea, haikuwa haki yangu. Sikuombi usahau."

"Nakanda unga kwa mkono mmoja na nusu," mwoka mikate alisema. "Mwanangu wa miaka sita ndiye anayenifunga vifungo vya shati. Unajua hilo?"

"Sikujua."

 Machozi yalimlenga kaka, akayaacha.

Mwoka mikate alivuta kiti karibu, akataja masharti yake, wakakubaliana. Kwa miezi mitatu atalala chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la dada yake, si nyumbani. Darasa la Jumatano ataliendeleza kwenye ofisi ya ustawi. Akiinua mkono tu, afisa apigiwe simu. Afisa aliyaandika yote, wakatia saini.

Wiki ya pili baada ya kutoka, bomba la jikoni lilipasuka. Kaka alikuja na spana. Alipokuwa akikaza, maji yakaruka mpaka darini, yakalowesha gunia zima la unga.

"Wewe kazi yako kuvunja tu!" mwoka mikate alifoka. "Mifupa, mabomba, vyote! Bora ungebaki jela!"

Watoto walikimbilia nyuma ya mama yao. Mkono wa kaka ulianza kutetemeka, na spana ilikuwa humo humo. Dada yake alishika simu.

Kaka aliitazama mikono yake. Akaiweka spana sakafuni, taratibu. Akafunga maji kwenye valvu kubwa.

"Natoka kidogo, shemeji. Nitarudi."

Walisubiri. Hakuna aliyefuta maji. Zilipita dakika ishirini, na mwoka mikate alichungulia dirishani mara tatu.

Kaka alirudi, viatu vimejaa vumbi.

"Bomba lilikuwa limeliwa na kutu, nilipaswa kufunga valvu na kukuonya kabla ya kuligusa. Hilo ni kosa langu. Lakini maneno ya jela yameniuma."

Mwoka mikate alikohoa. "Nilivuka mpaka. Nisamehe. Haya, nishike wapi?"

"Shika hapa. Usiachie."

Miezi mitatu ilipotimia, afisa alikuja na fomu yake. Wakati huo kaka alikuwa na wateja wa mabomba katika mitaa miwili, na Jumatano hakuwa amekosa hata moja.

"Sasa mnataka alale wapi?" afisa aliuliza.

Mke alimtazama mumewe. Chumba kizima kilimtazama.

"Ndani," mwoka mikate alisema. "Ila mbali na mlango wangu. Mtu huyu anakoroma kama mashine ya kusaga."