Bi Dhahabu Hakwenda Harusini

Kila Jumatatu, kengele ya mapumziko ikilia tu, wanafunzi wa darasa la saba walikimbilia kwenye ubao wa gazeti na kuanza kusukumana kama watu kwenye bomba la maji. Ubao huo ulikuwa umepigiliwa ukutani karibu na ofisi ya walimu, katika shule moja ya msingi huko pwani, Kisauni. Aliyeuanzisha ni Mwalimu Gershom, mwalimu wa Kiswahili. Upande wa kushoto yalibandikwa maandishi ya wanafunzi, na upande wa kulia wasomaji walibandika vikaratasi vya maoni. Kutia jina halikuwa jambo la lazima. "Nataka na wale waoga waseme yao," alieleza Mwalimu.

Siku hizo hapakuwa na kitu kilichosomwa zaidi kuliko hadithi ya Mbeyu. Redioni kulikuwa na mchezo ulioitwa Mtaa wa Bi Dhahabu, na Jumapili jioni ungeweza kutembea Kisauni nzima usipotewe na neno, maana kila dirisha lilikuwa likitoa sauti ile ile. Bi Dhahabu alikuwa mwanamke mcheshi, hodari wa kuongoza nyimbo za harusi, na mdomo wake haukuwa na breki. Basi watu wa redio, sijui walikuwa na nini mioyoni mwao, wakamuua mumewe. Halafu wakaupumzisha mchezo papo hapo, wakaweka kipindi cha ukulima! Mbeyu alilia mpaka mamake akatoka jikoni na unga mikononi kuuliza ni nani aliyekufa.

Mbeyu hakukubali mambo yaishe vile. Alichukua watu wale wale, mtaa ule ule, akauendeleza mchezo kwa mkono wake mwenyewe. Katika sehemu yake ya kwanza, mara tu baada ya maziko, Bi Dhahabu alifuta machozi, akajifunga leso kiunoni na kwenda harusi ya jirani, akaongoza ngoma ya chakacha mpaka wazee wakampigia makofi. Mbeyu alitabasamu alipokuwa akiandika. Alitaka Bi Dhahabu wake afurahi, basi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mwalimu Gershom alikuwa ametangaza kwamba hadithi itakayopendwa zaidi ubaoni ingeigizwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Mamake Mbeyu, ambaye aliuza mahamri na mbaazi kutoka alfajiri, hakuwahi kuitwa shuleni kwa jambo jema. Alikuwa akiitwa kwa ajili ya kakake Mbeyu, na kila mara alirudi ameinamisha kichwa. Safari hii alikuwa ameahidi kufunga kibanda, avae kanzu yake ya kanisani na kuja. Mbeyu aliitaka siku hiyo kuliko kitu chochote.

Sasa Jumatatu moja Mbeyu alijipenyeza mpaka mbele, akasoma kikaratasi kipya: "Bi Dhahabu yuko eda. Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Amekwendaje harusini kucheza chakacha? Hapa umepotea."

Masikio yalimwaka moto. Eda! Neno alikuwa akilisikia. Kwao walikuwa watu wa kanisa, wametoka Kaloleni, lakini majirani wengi pale mtaani kwao Mishomoroni walikuwa Waislamu, na alikuwa ameshaona wajane waliovaa nyeupe. Hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo. Angeweza kuuliza siku ile. Badala yake alichomoa kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: "WEWE ULIYEANDIKA HIVI UNA WIVU. ANDIKA YAKO TUONE!" Akalibandika jibu lake juu ya maoni yale, likayafunika.

Ikawa kama amemwaga sukari penye sisimizi. Kesho yake vikaratasi vilikuwa vimeongezeka. "Swali halijajibiwa," kimoja kilisema. Kingine: "Bi Dhahabu wa redio alimpenda mumewe. Huyu wako amemsahau upesi."

"Wanajua nini hawa?" Mbeyu alifoka darasani. "Mtu anakesha akiandika, wao kazi yao ni kuchokonoa tu!"

"Huyo ni Phineas," alisema Masha, kijana mwenye sauti kubwa aliyejifanya mlinzi wa hadithi ile. "Si unamwona? Ametoka bara juzi tu, na tayari anamuuliza Mwalimu maswali kila saa. Niachie mimi."

"Lakini hamna hakika," alisema Mwanatabu taratibu. Mwanatabu alikuwa akikaa dawati moja na Mbeyu tangu darasa la nne.

"Wewe uko upande gani?" Mbeyu alimgeukia kwa ukali. Mwanatabu akainamia kitabu chake.

Kuanzia siku hiyo Masha na wenzake wakawa wanamzomea Phineas kila alipopita. Walimsukuma akikaribia ubao, wakaficha mkoba wake nyuma ya matangi ya maji. "Haki ya Mungu si mimi!" Phineas alilia. "Mimi hata hiyo eda siijui!" Mbeyu aliyaona hayo yote akanyamaza, na niseme kweli, moyoni aliona utamu kidogo. Phineas akaacha kwenda ubaoni kabisa.

Lakini vikaratasi havikukoma, na siku ya kufunga shule ilikuwa ikikaribia. Hapo ndipo Mbeyu alipofanya upuuzi. Nyumbani alichana karatasi moja vipande vinne, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto ili mwandiko upinde, akaandika: "Hadithi hii ni tamu ajabu!" "Mbeyu ni fundi!" "Wanaomkosoa hawajui kitu!" "Iigizwe hii, si nyingine!" Asubuhi aliwahi shuleni kabla ya wenzake, akavibandika.

Aliyemuumbua alikuwa ni shabiki wake mwenyewe. Masha alifurahi alipoona sifa zile, akavichomoa vikaratasi vyote vinne ili awasomee watu kwa sauti. Alipovipanga mkononi, akaduwaa.

"Ala! Mbona vinaungana?" alisema. Akavisogeza pamoja, na kila ukingo uliochanika ukaingia kwenye mwenzake, mpaka ikarudi kuwa karatasi moja nzima. "Jamani, ni mtu mmoja huyu! Na tena hii ni ile karatasi ya kufungia mahamri ya kina..." Hakumaliza. Alimtazama Mbeyu, na kila mtu akamtazama Mbeyu.

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika hadi darasa la kwanza. Mbeyu alihisi ardhi ingepasuka ingemfanyia hisani. Aliirukia hadithi yake, akaichana ubaoni, akaikunja mkononi na kukimbia hadi nyuma ya ofisi. Mwalimu Gershom alimkuta pale amejikunyata.

"Mbeyu."

"Abee, Mwalimu."

"Ulikuwa umeulizwa swali. Umelijibu?"

"Wananionea, Mwalimu! Siandiki tena. Waandike wao!"

"Hayo ni juu yako. Lakini ubao hauna hadithi sasa. Nitangoja mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa sijapata kitu, tutaigiza shairi la darasa la sita." Akaenda zake bila kumbembeleza. Mbeyu alimchukia kwa hilo siku nzima.

Jioni alishika njia ya nyumbani peke yake, akapiga teke kila jiwe lililomkalia mbele. Mwanatabu alimfuata mbio.

"Mbeyu, ngoja! Kile kikaratasi cha kwanza, cha eda, ni mimi niliyekiandika. Phineas hana kosa."

Mbeyu alisimama kama aliyepigwa kofi. "Wewe? Tunakaa dawati moja, kula pamoja, halafu unakwenda kunichoma ubaoni?"

"Ningekwambiaje?" Mwanatabu naye alipandisha sauti. "Mwezi uliopita nilikwambia tu umerudia neno, ukaninunia mpaka Ijumaa! Wallahi nakuogopa ukiwa na kalamu. Wewe wataka kusifiwa tu."

"Si kweli!"

"Ni kweli. Na mimi hadithi yako naipenda. Nilikuwa nikiinakili kwa mkono, nampelekea mama mkubwa Waridi. Mumewe amefariki majuzi, yuko eda, hatoki nyumbani. Mchezo wa redio ulikuwa ndio furaha yake. Nikamsomea sehemu yako. Nilipofika pale Bi Dhahabu anacheza chakacha, alinishika mkono nisiendelee. Kisha akasema, 'Huyo aliyeandika aona kufiwa ni kama kubadilisha leso.' Akalia, Mbeyu."

Hasira za Mbeyu zilikuwepo bado, lakini hazikuwa na pa kwenda. Walitembea mpaka njia panda.

"Nipeleke kwake," alisema mwishowe.

Bi Waridi aliwapokea akiwa ameketi kwenye mkeka, amevaa nyeupe tupu, hana hina wala kikuku. "Shikamoo, mama," alisema Mbeyu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiwe mwandishi! Karibu, keti."

"Nimekuja kuomba radhi. Na... nimekuja kuuliza. Eda ni nini hasa?"

Bi Waridi alimweleza pole pole: miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hajipambi, hatii manukato, haendi kwenye ngoma wala harusi. "Watu huja kuniona, hilo halina neno. Taabu ni masikio. Juma lililopita palikuwa na harusi nyumba ya pili. Watoto wa nyumba ile nimewalea mimi, na nyimbo zao ningeongoza mimi. Nimekaa hapa nasikia wanakosea, na siwezi kutoka." Alicheka kidogo huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na bibi harusi hakuja kukuona?"

"Angekujaje? Naye alikuwa amewekwa ndani hadi siku yake. Twatazamana madirisha, kichochoro hiki hapa katikati. Tukasemezana hapo, kwa sauti ya chini, yeye kwake na mimi kwangu."

Mbeyu aligeuka akalitazama dirisha. Mwanatabu alimwona mwenzake anavyokodoa macho, akajua kazi imeanza.

Mbeyu aliandika usiku ule na jioni iliyofuata, akafuta, akaandika tena. Mara hii Bi Dhahabu hakwenda harusini. Alikaa ndani kwa nyeupe zake, ngoma zikilia nje, akasemezana dirishani na msichana aliyekuwa akingoja kuolewa. Msichana alitaka kufundishwa wimbo wa mwisho. Mmoja alikuwa ameingia ndani kwa huzuni na mwenzake kwa furaha, na wote wawili hawakuruhusiwa kutoka. Ijumaa asubuhi Mbeyu aliibandika hadithi mwenyewe.

Kisha alimwendea Phineas. "Nilijua wanakuonea nikanyamaza. Nisamehe."

"Unaniambia mimi hapa pembeni? Walinizomea mbele ya watu. Waambie hao," alisema Phineas.

Hilo lilikuwa chungu. Mbeyu alisimama mbele ya darasa zima, akasema kwamba Phineas hakuandika neno, na kwamba zile sifa nne alikuwa amejiandikia mwenyewe. Wachache walicheka. Masha hakucheka, alikwenda kumshika Phineas mkono. Mwalimu Gershom, aliyekuwa mlangoni, aliongeza jambo moja tu: kuanzia muhula ujao kila maoni yangetiwa jina. "Nilidhani nawasaidia waoga," alisema. "Kumbe niliwasaidia na wakali."

Siku ya kufunga shule hadithi iliigizwa. Phineas alipiga debe nyuma ya pazia kuwa ndiyo ngoma za harusi, na akalipiga vizuri. Wazazi walisikiliza mpaka wimbo ukaisha, halafu wakapiga makofi kweli kweli. Mamake Mbeyu, ndani ya kanzu yake ya kanisani, alikuwa akimwambia kila aliyekaa karibu naye, "Ni wangu yule. Aliyeandika ni wangu." Alirudi nyumbani ameinua kichwa.

Mtu mmoja hakuweza kuja. Basi kesho yake Mbeyu na Mwanatabu walikwenda kwa Bi Waridi, na Mbeyu akamsomea hadithi yote, neno kwa neno. Bi Waridi alisikiliza amefumba macho. Iliposomwa sehemu ya dirisha, midomo yake ikaufuata wimbo. Mbeyu alipomaliza, alingoja sifa. Tuseme ukweli, alizingoja sana.

"Nzuri," alisema Bi Waridi. "Nzuri, mashallah. Lakini huyo msichana ana adabu gani? Amfikia mfiwa dirishani, neno la kwanza aulizia wimbo wake. Pole iko wapi?"

Masikio ya Mbeyu yakaanza kuwaka, vile vile kama siku ile. Hadithi ilikuwa imeshaigizwa! Wazazi wote walikuwa wamepiga makofi! Mwanatabu alimtazama kwa wasiwasi. Mbeyu alivuta pumzi, akaishusha.

"Abee, mama. Angesema vipi?"

Bi Waridi alifumbua macho, akamsogeza karibu. "Nisikiza, mwanangu. Kama hadithi yako ingekuwa hainigusi, ningekwambia nzuri, nikanywa chai yangu. Mtu akijisumbua kukwambia hapa umekosea, kwanza tazama ulipokosea. Kama yeye ndiye aliyekosea, utamwacha na kosa lake. Kama ni wewe, utakuwa umefaidika. Lakini ukianza kwa kumtafuta ni nani, utampoteza rafiki na kosa libaki pale pale."

"Nimekusikia, mama."

"Haya. Kwanza anyamaze kidogo. Halafu aseme, 'Pole, mama. Hatukukusahau.' Hayo tu. Mimi hivyo ndivyo nilivyotaka kuambiwa."

Mbeyu alitandaza karatasi juu ya mkeka, akalifuta swali la msichana, na mahali pake akaandika maneno hayo.